Mwanangu Analala Narung'ombe

Mume wangu analala kama gunia la korosho lililotupwa ghalani. Anavua shati, anakaa kitandani, anaanza sentensi ambayo haimalizi, basi. Mimi bado nachomeka chandarua upande wa ukutani, yeye ameshaondoka. Kwa mwaka mmoja na miezi minane nilimwangalia mtu huyu akilala, na nasema bila aibu kwamba nilimwonea wivu kuliko ambavyo ningemwonea mwanamke mwingine. Mwanamke mwingine ningemfuata mlangoni kwake, tukatukanana, mambo yakajulikana. Usingizi wa mtu utaufuata wapi?

Mbaya zaidi, aliyepewa pole alikuwa yeye. Kazi yake kipindi cha baridi ni kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, hapa Nachingwea na mpaka upande wa Ruangwa, ili maua yasishikwe na ubwiri, ule ukungu mweupe unaoyakausha. Anatoka alfajiri na mashine mgongoni, kwa sababu unga ule unashika jani likiwa bado na umande na upepo haujaamka. Anarudi saa nne amepakaa njano mpaka kwenye nyusi, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Salfa inawasha macho, kila mtu huku anajua. Lakini akipita sokoni utawasikia wakimwambia pole kaka, naona hujalala, naye anaitikia kwa unyonge kwamba ndiyo maisha. Mtu aliyelala tangu saa mbili na nusu usiku. Mimi niko pale pale nyuma ya cherehani, macho yangu mekundu kuliko yake na hayana salfa hata chembe, na hakuna aliyenipa pole. Mwanamke mwenye mtoto akiwa na macho mekundu, watu wanaona ndivyo alivyoumbwa.

Mtoto wetu, wa kiume, wa kwanza, na kwa hasira niliyokuwa nayo wakati ule nilikuwa nimeapa kwamba ndiye wa mwisho, hakuwa ananyonya kwa njaa. Mchana alikula ugali, alikula mbaazi, alikula na makombo ya baba yake. Usiku alitaka alale chuchu ikiwa mdomoni. Nikiichomoa anaamka, nikiiacha mgongo wangu unakufa ganzi. Mara sita kwa usiku, mara saba. Halafu likazuka jambo ambalo sikulitegemea. Hata ile saa moja aliyolala yeye, mimi sikulala. Nilikaa macho nikimsubiri aamke. Mwili umechoka mpaka kwenye mifupa, lakini kichwani ni kama kuna mtu anafagia uwanja, anafagia, hamalizi.

Nikaanza kuwaonea gere wote wanaolala. Mlinzi wa ghala aliyejiegemeza kwenye magunia mchana kweupe. Paka. Jirani yangu anayeshona kwa cherehani ya pili kibandani kwetu, ambaye akisinzia mate yanamtoka pembeni ya mdomo. Niliyatazama yale mate kama mtu anavyotazama nyumba ya bati ya mwenzake.

Siku niliyompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, nesi alinitazama mimi badala ya mtoto, akauliza nalala saa ngapi. Nikaanza kulia pale pale, mbele ya akina mama wenzangu na kadi zao. Alinivuta pembeni akanieleza vizuri, wala hakunidharau. Simu nisiichukue kitandani. Chai iishie mchana. Nikikaa muda kitandani na usingizi haujaja nisigombane nao, niinuke, nikakae kwenye kigoda nifanye kitu cha kuchosha macho, nirudi ukija. Niamke saa ile ile kila siku, hata kama sijalala. Na vile vidonge vya mafua ambavyo jirani yangu alinipa vya kulalia nivitupe, kwa sababu nanyonyesha. La mwisho akasema mtoto huyu amekua, anakula, hata nikimwachisha ziwa sasa si vibaya. Katika yote yale, hilo la mwisho ndilo nililolibeba mpaka nyumbani.

Wiki hiyo hiyo nilishona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto. Mama mwenye shati alilileta akalitandaza juu ya cherehani yangu mbele za watu. Jirani yangu akaliangalia, akasema pengine mtoto mwenyewe ndiye ana mikono miwili ya kushoto. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikatapika kwa uchovu.

Nikapaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto akaonja, akakunja uso, akachukua pindo la kanga yangu akafuta, akaendelea. Nikapaka pilipili, aliyelia ni mimi. Mume wangu aliposikia nasonya gizani aliuliza kuna nini, na kabla sijajibu alikuwa amelala tena. Kesho yake akampigia simu mama yake.

Huku kwetu mtoto akishindikana anapelekwa kwa bibi kuachishwa ziwa. Bibi anakuja, anambeba, anaondoka naye siku saba. Katika siku hizo saba mama haendi, na sauti yake haisikiki. Kwa haki mwanangu alipaswa kwenda kwa mama yangu mimi. Sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mama zangu wadogo walinipigia mmoja mmoja wakiuliza tangu lini mtoto wetu akaachishiwa ziwa upande wa baba. Lakini mama yangu alifariki nikiwa kidato cha tatu, na hao mama wadogo waliokuwa wakipiga simu, hakuna hata mmoja aliyesema mlete kwangu. Kwa hiyo alikuja mama mkwe, kutoka Narung'ombe.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, Kiswahili chake kinaingia na kutoka kwenye Kimwera, na haongei sana. Hatukuwa tunagombana, wala hatukuwa tunapendana. Alikunywa uji wake mpaka mwisho, akazunguka chumbani kukusanya nguo za mtoto, akamfunga mgongoni, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, wewe kazi yako sasa ni kulala."

"Nikipiga simu utampa?"

"Simpi. Ziwa lina masikio."

Maana yake ni kwamba mtoto akisikia sauti yangu kazi yote inaanza upya, na mimi nikisikia yake maziwa yanatoka. Hilo la pili halina ubishi. Walipofika njia panda mtoto aligeuka, akaona sipo nyuma yao, akapiga ukelele mmoja, na blauzi yangu ikalowa nikiwa nimesimama mlangoni.

Jioni nikatafuta kanga yangu ya kulalia, ile ya zambarau, ambayo nilikuwa sijaifua tangu Ijumaa. Huwa inakaa nyuma ya mlango. Haikuwepo. Kumuuliza mume wangu ni kazi bure, hajui kanga ipi ni ipi. Jioni ile ile nikamweleza jirani yangu kibandani, akaacha kukanyaga cherehani.

"Nguo yenye jasho lako?"

"Labda imeanguka mahali."

"Shoga, nguo haianguki ikaingia yenyewe kwenye mkoba wa mkwe."

Huku neno la kuongeza halihitajiki. Nguo ya mtu isiyofuliwa ikiwa mikononi mwa mwingine, kila mmoja anajua inavyoweza kutumika. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, biolojia nilifaulu vizuri, nikajiambia huo ni ujinga. Nilijiambia hivyo usiku mzima.

Maana ule usiku wa kwanza, ambao niliusubiri kama watu wanavyosubiri Idi, sikulala hata lepe. Kitanda kilikuwa kikubwa ghafla. Maziwa yalijaa yakawa mawe, nikayakanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Saa zile zile ambazo mtoto huamka, niliamka, isipokuwa sikuwa nimelala, kwa hiyo sijui niite nini. Nikafuata maneno ya nesi, nikainuka, nikakaa kwenye kigoda, nikakunja vipande vya vitambaa kwa rangi, nikarudi. Hakuna. Mume wangu anapumua. Nikamgusa bega.

"Unalalaje?"

Akafikiri kidogo, na naamini alifikiri kwa dhati. "Nafumba macho," akasema.

Asubuhi nikapiga simu Narung'ombe. Mama mkwe ana simu ya kitochi ambayo anaishika mbali na sikio kama itaunguza, kwa hiyo anapaza sauti.

"Amelalaje?"

"Amelala."

"Hakuamka?"

"Hakuamka."

"Hajaniulizia?"

"Hajauliza. Anakula vizuri. We lala."

Nikakata simu nikabaki nimeishika. Mwenye akili angeshukuru. Mtoto amekaa salama, hateseki, hanisumbui. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya watu. Kumbe aliweza! Mwaka mmoja na miezi minane alinifanya zizi lake la kulalia, na kumbe uwezo wa kulala usiku kucha alikuwa nao siku zote, ila hakutaka kunipa mimi. Akaenda kumpa mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye hana hata tone la maziwa.

Siku ya pili nikapiga tena. Amelala, hakuamka, hajauliza. Siku ya tatu vile vile, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Nikaanza kuziona picha. Nilimwona amejilaza tumboni kwa bibi yake, amefungua mdomo kama baba yake. Nilimwona anamwita mama. Nikiwa napindua kola za mashati nilikuwa nagombana naye kichwani, mtoto ambaye hajui hata kusema maji vizuri, namwambia haya, baki huko huko, na siku ukiugua usinitafute.

Mume wangu aliongeza chumvi. Alifurahi, akasema mama ana mkono wa watoto, hata yeye aliachishwa kwa usiku mmoja tu. Nikamwambia basi arudi akanyonye. Akacheka, akageukia ukutani, na hata kicheko hakikuisha vizuri, kikageuka mkoromo.

Siku ya nne ndiyo jirani yangu alilisema lile neno. Nilikuwa nimemweleza tu, kwa uchungu, kwamba mtoto analala kule kama mzigo na mimi huku siku nne sijafumba jicho. Akakata uzi kwa meno.

"Sasa wewe huoni? Usingizi wako umefungwa kwenye ile kanga. Wenzako wanaulalia."

Leo nikilisimulia nacheka. Siku ile lilikaa kichwani kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kila kitu kiliingia mahali pake. Nguo imekwenda, usingizi umekwenda, na kule mtoto ambaye hajawahi kulala, amelala. Hesabu gani tena unataka? Usiku ule nilikaa kwenye kigoda nikiwaza watu wawili wa Narung'ombe wamelala usingizi wangu, wamejifunika mpaka shingoni.

Siku ya tano mume wangu alipotoka na mashine yake, na mimi nikatoka. Nilimwachia ujumbe kwenye simu kwamba nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Nilisema vitu, kwa wingi. Nikapanda gari la asubuhi mpaka Ruangwa, na kutoka Ruangwa nikachukua boda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. La kwanza lingekuwa kanga yangu iko wapi. La pili sitaliandika.

Nilimwambia wa boda anishushe mbali kidogo na nyumba, wasisikie pikipiki. Nilitaka niwakute walivyo. Kama adhuhuri hivi, jua limepanda lakini upepo bado wa baridi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kuku.

Ulikuwa wakati wa ufuta. Matita ya mabua yake yalikuwa yamesimamishwa uwanjani yakiegemeana, yamekauka kabisa, na ufuta ukikauka mpaka pale maganda yanapasuka, usipoukung'uta kwenye turubai siku hiyo hiyo unamwagika wenyewe. Ule ulikuwa umemwagika. Chini palikuwa peupe, na kuku wa kijiji kizima, nadhani, walikuwa wanakula bila haraka, kama wamealikwa. Nikasimama. Mama mkwe wangu ni mtu wa kufuata punje moja ya ufuta chini ya kitanda. Mwaka jana alimfukuza jogoo wa jirani mpaka kwa mwenyewe akadai alichokula. Nikadhani amefariki.

Alikuwa kwenye kibaraza, amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Amelala. Kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi, kilemba kimefunguka. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Mwanangu alikuwa amekaa katikati ya miguu ile, macho makavu, amejifunika mabegani ile kanga yangu ya zambarau, anatafuna pindo lake.

Aliniona. Hakukimbia, hakulia. Alitoa pindo mdomoni, akanionyesha bibi yake kwa kidole.

"Bibi lala," akasema.

Kabla sijafanya chochote, mwanamke mmoja akatokea kwenye uzio wa mianzi wa nyumba ya pili, ndoo mkononi, akaniashiria nisogee. Aliuliza kama mimi ndiye mama mtoto, nikasema ndimi. Akateremsha sauti.

"Usimwamshe, nakuomba. Ndiyo kwanza anafumba jicho. Siku ya tano hii, mtoto analia tangu usiku wa manane mpaka majogoo, na mwenzio anazunguka naye uwanjani. Sisi wenyewe hatulali."

"Mbona yeye ananiambia mtoto analala?"

"Sasa angekwambiaje?"

"Na anamlilia nani?"

Yule mama alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe unadhani anamlilia nani?"

Nitasema kweli, kwa sababu nimeanza kuandika haya ili niseme kweli. Kitu cha kwanza nilichosikia hakikuwa huruma. Ilikuwa furaha. Ilipanda kutoka tumboni kama soda. Ananililia mimi. Hakulala, hakunisahau, hakumpa mtu yeyote kile alichoninyima. Nikarudi pale kibarazani, nikachuchumaa, naye akaja kwa magoti, akashika blauzi yangu kwa mikono miwili, akaanza kuivuta. Maziwa yakashuka yenyewe. Nikafungua kifungo kimoja. Nikafungua cha pili.

Kilibaki kimoja tu. Dakika moja ya kunyonya, na siku zote tano za yule mwanamke zingekuwa kama hazikuwahi kuwepo, na mtoto angekuwa wangu, na mtu mwingine yeyote asingeweza kusema amemlaza. Nilitaka sana. Vidole vilikuwa kwenye kifungo. Kuku mmoja akapanda kibarazani, akadonoa punje iliyonasa kwenye unyayo wa mama mkwe wangu, na hata hakushtuka. Alikuwa amelala vile ambavyo mimi nilikuwa natamani kulala mwaka mzima, na nikaona kwa macho yangu usingizi wa namna ile mtu anaulipia nini.

Nikafunga kifungo cha pili, nikafunga na cha kwanza. Mtoto akaelewa mara moja. Alilia kilio ambacho kijiji kizima, kwa maelezo ya yule mama, kilikuwa kinakijua. Bibi yake hakuamka. Nikaichukua ile kanga, nikamfunga mgongoni, nikafukuza kuku, nikatandika turubai, nikaanza kukung'uta ufuta. Unashika tita, unaligeuza kichwa chini, unalipiga kwa fimbo taratibu, mbegu zinashuka kama mvua ndogo. Alinipiga mgongoni kwa ngumi. Alining'ata begani, alama ilikaa siku tatu. Nikaendelea na tita la pili, la tatu, la sita. Sijui lilikuwa la ngapi nilipogundua kwamba nasikia ufuta tu. Shavu lake lilikuwa limelala kwenye uti wa mgongo wangu, zito, na mate yake yanapenya kwenye blauzi. Amelala. Kwangu mimi, bila ziwa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Sikuthubutu kusimama. Nilikung'uta hata yale matita yaliyokuwa yameshaisha.

"Nani kakuita?"

Mama mkwe alikuwa ameamka, anafunga kilemba chake. Nikasema hakuna aliyeniita. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaja mpaka nilipo, akatazama kifua cha blauzi yangu kilivyolowa. Akanizunguka nyuma. Akainama akanusa mdomo wa mtoto, ananusa kama mtu anayenunua samaki, mara moja, mara mbili. Harufu ya maziwa haikuwepo. Akanyooka.

"Hukumpa."

"Sijampa."

"Haya," akasema, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Hapo ndipo hasira yangu iliporudi, kwa sababu hasira yangu haifi, inapumzika tu. Nikamwuliza kwa nini alinidanganya siku zote zile, kila asubuhi, analala, hakuamka, hajauliza. Akasema mama akiambiwa mtoto analia anapanda gari, yeye ameachisha wajukuu tisa na hakuna mama aliyewahi kuambiwa mtoto wake analia. Akasema alitaka nilale.

"Huo uongo wako ndio ulioninyima usingizi," nikamwambia.

"Kwa hiyo ningekwambia analia, ungelala?"

Nikauliza la kanga badala yake, na sauti yangu ilikuwa imeshaisha makali. Alinishangaa, akasema aliichukua kwa sababu ilikuwa chafu. Mtoto wa kuachishwa anapewa nguo ya mama yake isiyofuliwa, ajifunike, aipate harufu, itaisha kidogo kidogo na yeye atasahau kidogo kidogo. Kila mtu anajua. Mama yangu hakuniambia? Nikasema mama yangu alifariki kabla. Akasema kitu kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, hakuwa anaongea na mimi. Kisha akanyoosha mikono, akamfungua mtoto mgongoni mwangu taratibu bila kumwamsha, kanga na vyote, akamweka mgongoni mwake.

"Nenda ndani ukalale. Mimi nimeshalala."

Wivu ulinichoma hata pale, nilipoona shavu lile linahamia mgongo mwingine bila kuuliza. Lakini niliingia. Kitanda chake ni cha kamba, mto una harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Nakumbuka nilisikia fimbo ikipiga tita mara mbili. Ya tatu sikuisikia. Nilipoamka taa ilikuwa inawashwa na yule mama wa uzioni alikuwa anauliza kama mgeni bado yuko hai.

Nilibaki siku mbili zilizobaki, kinyume cha desturi, na mama mkwe hakupenda, alisema hivyo waziwazi. Masharti yake yalikuwa nisimpakate mtoto, nimbebe mgongoni tu. Mtoto alilia siku zote mbili, usiku kucha. Tulimbeba kwa zamu, uwanjani, ile kanga ikihama kutoka mgongo huu kwenda ule, na yule ambaye si zamu yake alilala. Mimi nililala zamu zangu zote. Sisemi nimepona. Mpaka leo kuna usiku kichwa kinaanza kufagia, nainuka nakaa kwenye kigoda changu kama nesi alivyosema, na mara nyingi usingizi unakuja. Jirani yangu anaamini kwamba niliipokonya kanga ndiyo usingizi ukarudi, na nimemwacha aamini, kwa sababu nilivyomweleza ukweli alisema mkwe wangu ni mjanja. Na mtoto akiwa na homa anamwita bibi. Anamwita bibi, mimi nikiwa nimemshika. Sijazoea, wala sijaribu kuzoea.

Ila kuna asubuhi ile ya kwanza pale Narung'ombe ambayo nikiikumbuka moyo unatulia. Tulikuwa tumetoka kumzungusha usiku kucha, mama mkwe anachochea moto wa uji, mtoto amesinzia mkekani dakika hiyo hiyo. Simu yangu ikaita, mume wangu, yuko shambani kwa mtu, mashine nasikia inapoa pembeni. Hakusalimia vizuri. Akauliza mtoto amelalaje.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ananitazama na yeye, mwiko mkononi.

"Amelala," nikasema.

"Hakuamka?"

"Hakuamka."

"Hajaniulizia?"

"Hajauliza. Anakula vizuri."

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba kitanda kimekuwa kikubwa sana, na kwamba yeye usiku ule hakulala.

"Pole," nikamwambia, na nilifurahi mpaka vidoleni.